Sare ya Wasichana Watukutu

Watu wakiniuliza nimezijulia wapi sinema za Kijapani za magenge ya wasichana, huwa wanatarajia nitaje chuo au mwanamume. Hakuna chuo wala mwanamume. Ni joto tu. Kiyoyozi cha gari langu kilikufa mwezi wa Agosti, na mtu ambaye hajakaa Dallas mwezi wa Agosti asinifundishe maana ya joto, hata kama kazaliwa Mombasa kama mimi. Nilikuwa nimetoka kununua kitambaa mjini, nikapita mbele ya jumba dogo la sinema, la zamani, mlango uko wazi na ubaridi unatoka mpaka njiani. Nikakata tiketi ya kilichokuwa kikionyeshwa. Jina lake sikulisoma. Nilitaka kukaa gizani nipoe, basi.

Kumbe nimeingia katikati ya vita. Wasichana wa shule walikuwa wakitandikana kwa cheni za baiskeli chini ya daraja la reli. Picha ilikuwa ya miaka ya sabini, rangi zake zimekolezwa mpaka damu inafanana na rangi ya kucha. Wamevaa sare, blauzi ya kola pana na sketi ya marinda, lakini sketi imeshushwa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mkuu wao alikuwa na wembe ameufutika kifuani. Mwanamume mzima mwenye suti akamwambia apige magoti. Yule binti akainua uso. Alimtazama tu, kamera ikamsogelea mpaka macho yake yakajaa ukuta mzima, na mimi niliyekuwa nimejilaza kitini na bilauri ya barafu nikajikuta nimekaa wima.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mtu na kazi yangu, ninapokea na kupanga vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuona picha ambayo mwanamke anamtazama mwanamume namna ile na hakuna anayemwambia ashushe macho. Baadaye walimwadhibu, tena sana. Lakini alikuwa ameshatazama, na hilo hawakuweza kulifuta.

Sitaki kumdanganya mtu. Zile ni filamu chafu. Zilitengenezwa na wanaume ili wauziwe wanaume wanaotoka kazini, na kamera yenyewe ina adabu mbaya, inachungulia pasipo na sababu. Kila baada ya kitambo msichana anafungwa kamba, anavuliwa nguo, anachapwa, na hadithi haikuwa na haja na hayo hata kidogo. Mtu akiniambia ni uchafu nakubali papo hapo. Kisha namuuliza: na zile tamthilia za kifamilia mnazokaa kuangalia na watoto, mke analia kuanzia mwanzo mpaka mwisho halafu siku ya mwisho anamshukuru mume, hizo ni safi? Hapo mazungumzo huwa yanageukia bei ya mchele.

Nilianza kuzitafuta. Nilinunua diski za zamani, nyingine nikazipata mtandaoni, na Jumamosi nikitoka shifti ya asubuhi nikawa naziwasha nyumbani kwangu Euless, pembeni mwa Dallas, kwenye chumba kimoja na sebule, mapazia nimeyafunga kwa sababu ya jua. Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye khalati yetu, mdogo wa mama zetu, alimleta Texas akamlea kama wake. Alikuwa akikaa kwa khalati, jengo la pili kutoka langu, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wa pili alikuwa jirani yangu Mkongomani, mama wa Uvira aliyepitia kambini Tanzania kabla ya kuja huku. Mchana alifanya kazi kiwandani, na saa zake nyingine alishona. Kila kitenge kilichovaliwa kanisani kwao kilikuwa kimepita kwenye cherehani yake.

Jirani hakusoma Kiingereza haraka kiasi cha kuyafuata yale maandishi ya chini ya picha. Kwa hiyo nikawa mtafsiri. Wa pwani watanielewa. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, na ndani yake kulikuwa na mtu na maikrofoni, akitafsiri filamu za Kichina na za Kihindi kwa Kiswahili huku zinaendelea. Kichina hakijui, Kihindi anakibahatisha. Kila mtu kwenye picha alimpa jina la mtaani, na jambazi asiyempenda alimwongezea maneno ya kijinga mpaka ukumbi unavunjika mbavu. Wasichana tulikuwa haturuhusiwi kuingia. Tulisimama nje tukabandika masikio kwenye mabati, kwa hiyo mimi zile filamu nilizisikia, sikuziona. Pengine ndiyo maana nilikuja kuwa fundi wa kusimulia.

Basi nikiwa Euless, rimoti mkononi, nikawa yule mtu wa maikrofoni. Wale mabinti wa Kijapani wana desturi yao: mgeni akifika kwenye eneo la genge lingine anainama kidogo, anatanguliza mkono, kiganja juu, anaeleza amezaliwa wapi na ametoka kwa nani. Hapo sikuwa na haja ya kufikiri. Nilitafsiri kama kwetu, mtoto wa fulani, mtaa fulani, nyumba ya kona, na jirani akacheka akasema hata kwao Uvira hupewi kiti kabla hujasema ukoo.

Zile sehemu chafu nazo nilizipatia dawa. Nilikuwa na leso kuukuu, yaani khanga, kwenye mkono wa kochi. Wakianza kumvua msichana, natupa leso juu ya televisheni, sauti naipunguza, halafu naendelea kusimulia mwenyewe. Nawaambia binti anawaza nini, nawaambia kila mmoja wa wale wanaume atafanywa nini na kwa zamu ipi. Mwongozaji alitaka tumwangalie anavyoumia. Mimi nilikataa, nyumba ni yangu.

"Ongea, dada," jirani alikuwa akiniambia. "Mbona banamuvua nguo? Amefanya nini? Ongea juu yao, sitaki kubasikia."

Mdogo wangu yeye alikaa chini, mgongo kwenye kochi, amekumbatia magoti. Ni mtu wa kucheka huku amejiziba mdomo, na ukimwona utadhani ni mpole asiye na neno. Lakini wakati ule alikuwa na jambo, na jambo lenyewe tulilijua sote watatu.

Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Pearland, mji ulio jirani na Houston, saa nne na zaidi kwa gari kutoka kwetu. Familia nzuri, ndivyo watu wanavyosema, maana yake nyumba ni yao na mama anafanya kazi hospitali kubwa. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kuwatembelea kwa gari lake, wakatoka yeye na mchumba kununua vitu vya chakula cha mchana. Walipotoka dukani kijana akanyoosha mkono, akamwambia lete funguo, naendesha mimi. Mdogo wangu akasema gari ni langu, naendesha mimi. Kijana akamzaba kofi. Mchana, kwenye maegesho ya magari, watu wanapita na matoroli yao. Mdogo wangu aliingia garini, akaendesha mpaka Euless sikio linalia njia nzima, na wiki hiyohiyo akarudisha pete na sanduku la nguo za posa.

Khalati alimkalia kitako. Si mtu mbaya khalati yangu, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu angekuwa mbaya ningeshamaliza habari yake. Alifika Texas akiwa mjane, hamjui mtu, na wale watu wa Pearland ndio waliompokea. Alikaa kwao mpaka akapata kazi na nyumba. Hakulisahau, na wao hawakumwacha alisahau.

"Mwanamume hupandwa na hasira," alimwambia mdogo wangu. "Kofi hupita. Aibu haipiti."

Akampa shauri, na shauri lenyewe lilikuwa amri. Kulikuwa na harusi inakuja Katy, upande huohuo wa Houston, ya binti wa watu tunaojuana nao sote. Siku ya hina, wanawake wote watakapokuwa wamekaa, mdogo wangu atakwenda mbele ya mamake yule kijana, atambusu mkono na kusema niwie radhi. Asiyekulia kwetu ataona ni neno la adabu tu. Si hivyo. Radhi ukiiomba mbele za watu ukapewa, kilichovunjika kimerudi. Angeingia kwenye ile nyumba akiwa mtu huru na kabla sinia za halua hazijazunguka angekuwa tena mchumba wa yule aliyempiga.

"Na nisipoomba?" mdogo wangu akauliza.

"Usipoomba, usirudi kwangu. Tafuta pa kukaa."

Alinieleza hayo jikoni kwangu, anakuna nazi, hakuinua macho. Nikamwambia pa kukaa ni hapa. Akasema najua, dada, lakini yule ndiye aliyenilea. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kukupa kochi, hawezi kukupa mama.

Sasa nije kwenye sketi. Mdogo wangu alimwomba jirani amshonee moja kama za wale mabinti, ya samawati iliyokolea, yenye marinda, mpaka kwenye vifundo. Kwenye sinema nilikuwa nimeshawaelezea maana yake. Wakati ule sketi fupi ndiyo iliyopendwa, magazeti yanaitaka, wanaume wanaitaka, na wale mabinti watukutu wakafanya kinyume, wakaishusha mpaka chini. Walimu walikuwa wakiwapima pindo mlangoni, na ndefu ndiyo iliyokuwa hatia. Sketi ndefu ilikuwa inasema: mimi si wenu. Na ndani yake cheni ilifichika vizuri.

Jirani alishona kwa siku chache, akayapiga pasi marinda mpaka yakasimama kama kadibodi. Mdogo wangu akaivaa akaenda nayo nyumbani. Khalati akamtazama juu mpaka chini, machozi yakamlenga.

"Mashallah," akasema. "Mwanangu amejisitiri."

Wallahi sikutegemea. Khalati aliona sketi ndefu, na kwetu sketi ndefu ina maana moja tu. Alichukua simu akapiga Pearland, akapiga Katy, akawaeleza wanawake wote kwamba mtoto ameshaingiwa na haya, ametulia, hata mavazi amebadilisha mwenyewe bila kuambiwa. Haikuishia hapo. Khalati ndiye aliyekabidhiwa kuchagua sare ya mabinti kwenye ile hina, wale wanaopitisha sharubati na sinia. Akachagua ile ile. Sketi ya samawati, marinda, mpaka chini, kwa mabinti wote wa Houston na Dallas, na jirani yangu ndiye apewe kazi.

Jirani alikuja kwangu na utepe wa kupimia shingoni, akafunga mlango, akakaa chini akacheka mpaka akajishika mbavu. "Dada, khalati yenu analipia genge nguo," akasema. Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili jengo lisitusikie.

Ningeweza kumwambia khalati. Ningemwonyesha picha moja tu, mambo yakaisha. Sikumwambia, na mpaka leo sioni kwa nini ningemwambia. Yeye alikuwa anamwona mtoto anayetaka kumwona. Mimi nilikuwa nataka mdogo wangu asimame pale amevaa kitu alichokichagua mwenyewe, kwa maana yake mwenyewe, basi.

Siku ya hina tuliondoka asubuhi. Khalati na mdogo wangu gari moja, mimi na jirani jingine, yeye na kikopo chake cha pini kwa ajili ya pindo zitakazofumuka. Njia yote ya kwenda Houston jirani aliniuliza maswali ya kidini, kama Mkristo anaruhusiwa kupakwa hina, na kama akipakwa pasta wake atasemaje. Nikamwambia apakwe mkono wa kulia tu, na pasta asiyejua hina amwonyeshe wa kushoto.

Nyumba ya Katy ilikuwa mpya, dari iko mbali kabisa, sebule mbili. Wanaume walikuwa wamefukuzwa mchana huo. Udi umefukizwa mpaka king'ora cha moshi kikalia, ikabidi mtu apande kiti akitoe betri. Watoto wanasemeshwa Kiswahili wanajibu Kiingereza. Biriani imefika kwenye matrei ya foili. Halafu mabinti wakaingia kwa mstari na sare zao. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akasema hawa ndio watoto wa heshima, khalati akatabasamu kama mtu aliyepewa tuzo. Mimi niliona genge. Nilisimama kwenye kona nimejing'ata shavu, nikasema moyoni, leo hapa mtu akiguswa wataona.

Nilikuwa nimeamini. Ndiyo shida ya kuangalia sinema sana. Nilidhani nguo ikishafanana na moyo utafanana.

Khalati alingoja bibi harusi apakwe mikono yote miwili, kisha akamshika mdogo wangu kifundo cha mkono akavuka naye katikati ya zulia. Mamake yule kijana alikuwa kwenye kochi la kati, amejifunga mtandio wa dhahabu. Mkono wake alikuwa ameshauweka juu ya goti, tayari kubusiwa. Mazungumzo yakapungua. Kila mtu alikuwa anajua kinachokuja, hata waliojifanya wanakunywa.

"Mama, shikamoo," mdogo wangu akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa nije nikuombe radhi."

"Haya, mwanangu. Sema."

Mdogo wangu alikuwa hajainama. Niliuona mgongo wake umenyooka, marinda yameshuka mpaka kwenye vifundo. "Mwanao alinizaba kofi," akasema. "Mbele za watu. Kwa sababu nilitaka kuendesha gari langu. Sikuombi radhi."

Yule mama hakukasirika, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Alishangaa. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu aliyopewa.

"Kofi moja tu?"

Kisha akasikia alichokisema. Sote tulikisikia. Wanawake wa rika lake wakayaangalia masinia, wakaangalia dari, mmoja akaanza kumfuta mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu. Yule mama mkono wake ulikuwa bado juu ya goti, na hakujua tena aupeleke wapi. Nilikuwa nimekuja nikimchukia. Nilimwonea huruma mara moja, na huruma yenyewe ikanitia hasira zaidi.

"Moja lilinitosha, mama," mdogo wangu akamjibu.

Nikawatazama mabinti. Simameni, nikawa nawaambia kwa macho. Hakuna aliyesimama. Mmoja alikuwa ameshika sinia la vikombe, akainamisha kichwa kana kwamba vikombe vinahitaji kuangaliwa. Wengine walitazama mama zao. Sketi zote zile, marinda yote yale, jirani yangu amevunja mgongo kuyashona, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Nilitamani kuwavua.

Aliyenyanyuka alikuwa jirani. Mgeni, Mkristo, hina imepakwa nusu kwenye mkono mmoja, pini ziko kwenye midomo. Alizitema kiganjani, akavuka zulia, akasimama kando ya mdogo wangu. "Mimi nasimama na huyu," akasema, na Kiswahili chake cha Uvira kila mtu alikielewa. Nami nikaenda upande wa pili. Nilikuwa nimechelewa kwa hatua kadhaa, lakini nilifika.

Khalati uso ulikuwa umemwiva. "Usirudi kwangu," akamwambia mdogo wangu, kwa sauti ya watu wote, labda kwa ajili ya watu wote. "Umesikia? Usirudi kwangu."

"Nimesikia, khalati."

Kwenye sinema hapo wangetoka, upepo unapiga, muziki juu. Sisi tulifika mlangoni tukakuta rundo la viatu vya wanawake wa miji miwili. Tulipiga magoti kutafuta. Cha kulia cha jirani kilikuwa hakionekani, na nyuma yetu nyumba nzima imekaa kimya inatungoja tuondoke. Mdogo wangu alikipata, akamvisha jirani mguuni kwa sababu mkono wake una hina mbichi, ndipo tukatoka.

Alicheka kwanza, garini. Alicheka mpaka tukaipita Houston yote. Kisha tukasimama kuweka petroli, nikarudi nikamkuta analia, jirani amekaa naye nyuma anamfuta kwa pindo la kitenge. Sikumwambia nyamaza. Alikuwa amepoteza mama wa pili, na halikuwa jambo la kunyamaziwa.

Akahamia kwangu. Nguo zake khalati alimpa mtu atuletee. Maneno yalitufikia kutoka kila upande: kwamba nimemharibu mtoto wa watu kwa sinema za wahuni, kwamba nyumbani kwangu kuna genge, kwamba ile sare ilikuwa ya kishetani na kuna mama ameichoma ya bintiye uani. Niliwajibu walionipigia, mmoja mmoja. Sinema haikumfundisha kitu mdogo wangu. Kofi ndilo lililomfundisha, na aliyelipiga mnamjua, mnampikia. Baadhi walikata simu. Wengine walikaa kwenye laini bila kusema kitu, nami nikawaacha wakae.

Khalati tulimwona dukani mara moja, kwenye njia ya viungo. Aligeuza toroli. Mdogo wangu alirudi nyumbani akapika maharage ya nazi kama anavyoyapika khalati, akakaa nayo mezani mpaka yakapoa. Nilikuwa na hasira na khalati kiasi kwamba nilikuwa naongea peke yangu nikiosha vyombo. Na bado, mtu akimsema mbele yangu, nilimkatiza. Hilo ni letu.

Jumamosi tuliendelea. Leso, rimoti, mapazia. Nikawa natafsiri kwa nguvu zaidi kuliko zamani, kwa sauti ya kibanda hasa, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameanza kucheka tena, na mara nyingine aliziba mdomo na mara nyingine hakuziba.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi kama hiyo, mvua inatishia, mlango ukagongwa kwa kishindo. Nikadhani ni wa usimamizi wa nyumba. Nilipofungua nikamkuta yule binti wa sinia la vikombe, kutoka Houston. Hakuwa amevaa sketi. Alikuwa na suruali ya jinzi na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri. Nilitaka kufunga. Sikuwa nimemsamehe lile sinia.

"Nimechumbiwa," akasema, si kwangu, kwa mdogo wangu aliyekuwa amekuja nyuma yangu. "Na yeye."

Hakutaja jina, na hatukuuliza; wa Pearland alikuwa mmoja tu. Mdogo wangu akamvuta mkono akamwingiza. Jirani akazima televisheni. Binti akakaa ukingoni mwa kochi, akakataa chai, akakubali maji.

"Ulijuaje kwamba hatabadilika?" akauliza.

"Sikujua," mdogo wangu akasema. "Sikungoja nijue."

Binti akafunua mkono wa blauzi, akatuonyesha alama za vidole juu ya kiwiko. Jirani akatoa sauti ya chini akaenda kuchukua barafu. Mimi nilikuwa nimesimama bado, hasira yangu yote haina pa kwenda, nikamuuliza lililonijia tu, amefikaje hapa, nani kamwambia tunakaa wapi.

"Khalati yenu," akasema. "Nilimpigia yeye nikiogopa atanisuta. Hakunisuta. Alinipa anwani. Akaniambia ghorofa ya juu, mlango wa mwisho, na nibishe kwa nguvu, kwa sababu Jumamosi televisheni huwa juu na dada mkubwa anapiga kelele za kutafsiri, mtu akibisha taratibu hamumsikii."

Kwa nilivyojua mimi, khalati hajawahi kukanyaga kwangu siku ya Jumamosi. Siku zote Jumamosi alikuwa na kazi, na tangu Katy hakukanyaga siku yoyote. Basi hayo ya kubisha taratibu ameyajulia wapi? Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, lakini hakuwa anacheka. Kisha akaushusha mkono, akajifuta macho kwa kiganja, akamgeukia binti.

"Ukirudi, mwambie khalati," akasema, "na yeye abishe kwa nguvu."